Wali wa Watu Wawili

Sehemu ya saba

Mzee Leoncio wa chumba cha mkabala anaapa kwa macho yake yote mawili, ingawa la kushoto lina mtoto wa jicho, kwamba alimwona mwanamke akiingia chumbani kwa Visi.

Anasema alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye mwili wake, amevaa kijani kutoka shingoni hadi miguuni. Anasema hakubisha hodi. Alifungua kwa ufunguo kama mwenye mali, akaenda moja kwa moja kwenye kile kitanda cha pili, kile kitupu, akajitupa kifudifudi.

"Akalia," alisema Mzee Leoncio. "Uso ameuficha ndani ya mto, mabega yanapanda, yanashuka. Mimi nimeendesha basi mpaka nimestaafu, mwanangu. Nimeona watu wakilia siti ya nyuma. Kilio nakijua."

"Na wewe ulikuwa wapi ukayaona yote hayo?"

"Mlangoni kwangu. Napunga upepo."

"Kwani mlango wangu ulikuwa wazi?"

"Kidogo tu. Kiasi cha jicho kupita."

Visi alikuwa bado amesimama pale pale tulipomwacha wiki iliyopita, mkono kwenye kitasa, macho kwenye kitanda. Asubuhi alikiacha kitanda hicho kimenyooka kama bahasha. Sasa kimebonyea katikati, na kwenye mto kuna shimo la uso wa mtu.

Uso wa nani?

Msomaji wangu, kama leo ndiyo mara yako ya kwanza kuketi nasi, jua hivi. Visi huyu ni mpishi wa shule huko Cuenca, hajawahi kulala hotelini maishani mwake, na tangu jana anamngoja mtu mmoja tu duniani. Dada yake, Herminia. Alichukua chumba cha vitanda viwili katika gesti hii ya orofa ya tatu, hapa Valencia, nyuma ya soko kuu, kisha akatuma ujumbe kwa kinywa cha binamu yao Balbina: "Mwambie aje Jumamosi, tule wali wa mchana kwa Chimo, pale chini ya gesti. Kitanda chake kipo."

Visi hana namba ya simu ya Herminia. Ilibadilishwa baada ya mazishi.

Mazishi yale! Mama yao alifariki Jumanne, na Jumatano jioni alikuwa ameshazikwa, kama wanavyozikwa watu wote huku. Maiti hakai. Herminia alikuwa Uswisi, anafua mashuka ya hospitali, na ndege hazipandwi kama baiskeli. Alifika Alhamisi na maua mkononi, akakuta simenti ya kaburi imeshakauka. Akamgeukia mdogo wake, akamwambia neno moja.

"Hukuningoja."

Miaka sita imepita, hajaongeza la pili.

Balbina alipofikisha ujumbe, Herminia alimjibu, "Nitaona." Kisha akakata simu. Kwa hiyo Visi alikuja bila kujua. Leo Jumamosi, mchana wote amekaa mkahawani kwa Chimo, kiti cha mbele yake kitupu, mpaka mhudumu akaanza kufagia chini ya miguu yake. Akapanda ngazi. Akakuta mlango wa chumba uko wazi.

Sasa aliingia polepole, akainama, akaunusa ule mto.

Dawa ya nywele. Na kitu kingine, kama kitunguu.

"Amekuja," Visi alinong'ona. "Amekuja, hakunikuta."

Akageuka, akapita mbio mbele ya Mzee Leoncio, naye mzee akamfuata na ndala zake zikipiga makofi sakafuni.

* * *

Mwenye gesti, Bi Fuensanta, alikuwa mapokezi kama kawaida yake, televisheni mbele, bakuli mapajani, anabambua maharage mapana.

"Bi Fuensanta! Ufunguo wangu umempa nani?"

"Ufunguo? Katika gesti yangu? Mwanangu, ufunguo wa mgeni mimi simpi hata padri."

"Kuna mtu ameingia chumbani kwangu. Amelala kwenye kitanda cha dada yangu. Niambie kweli, amesema anakwenda wapi?"

"Nani anasema kuna mtu ameingia?"

"Mimi nasema!" Mzee Leoncio alikuwa amefika, anahema. "Nimemwona. Mwanamke wa makamo, mwenye mwili wake, kijani juu, kijani chi..."

Macho yake, lile zima na lile bovu, yalikuwa yametua kwenye gauni la nyumbani la Bi Fuensanta. Lilikuwa la kijani. Kutoka shingoni hadi miguuni.

"Ndiye," alisema Mzee Leoncio.

"Ndiye nani?"

"Ndiye huyu! Mwanamke wa kijani!"

Haragwe moja lilimponyoka Bi Fuensanta, likaviringika mpaka chini ya kabati. Hakuliokota. Alipunguza sauti ya televisheni, na uso wake mpana ukaanza kuiva kama nyanya.

"Haya," alisema. "Nililala. Niitieni polisi."

"Ulilala?" Visi hakuelewa. "Kitandani kwangu?"

"Si chako. Cha yule asiyekuja." Bi Fuensanta alishusha pumzi. "Usinitazame hivyo. Mwaka wa tatu huu siwezi kulala mchana kitandani kwangu. Usiku naweza, usiku nimechoka. Lakini mchana, nikigeuka, upande wa marehemu mume wangu uko baridi. Basi baada ya chakula natafuta chumba chenye kitanda kisicho na mtu, najinyoosha kidogo, nakinyoosha, natoka. Leo nilizidiwa na usingizi, nikasahau kukinyoosha. Na chumba chako ndicho cha upande wa kivuli."

"Na kilio?" Mzee Leoncio hakukubali kushindwa. "Nilikuona unalia!"

"Sikulia, bwana we. Nilikoroma."

"Kukoroma gani kwa mabega?"

"Mimi nakoroma kwa mwili mzima. Muulize marehemu."

Siku nyingine Visi angecheka. Ni mtu wa kucheka, jikoni kwake kule shuleni husikika hadi uwanjani. Leo alitafuta kiti, akakaa.

Kwa hiyo hakuja mtu. Harufu ya dawa ya nywele ni ya mwenye nyumba, na kitunguu ni cha mwenye nyumba. Herminia hakukanyaga ngazi hizi.

Aliwaacha wawili hao wakivutana, akarudi chumbani, akaanza kukinyoosha kitanda cha pili. Alivuta shuka kona hii, akavuta ile. Kwenye stuli palikuwa na taulo mbili alizopewa siku ya kwanza na sabuni mbili ndogo kama biskuti. Alitumia taulo moja. Alitumia sabuni moja. Ile nyingine bado ilikuwa ndani ya karatasi yake.

Dirisha la chumba lilifunguka kwenye uwazi wa kati ulioshuka chini kama kisima, ambamo madirisha yote ya jikoni ya jengo zima yanatazamana na nguo zinaning'inia kwenye kamba. Sauti zikawa zinapanda. Mtu anagombeza sufuria. Watoto wanagombania redio. Mwanamume anauliza soksi zake ziko wapi, na mwanamke anamjibu, "Miguuni mwako, mpumbavu wangu!" Nyumba nzima ilikuwa na mtu wa kumjibu mtu. Visi alifunga dirisha.

Hodi.

Visi alikimbilia mlango. Lakini alikuwa Mzee Leoncio, na safari hii alikuwa amechana nywele kwa maji.

"Nisamehe kwa lile jicho," alisema. "Nilitaka liwe kweli, ndiyo maana nikaliona vizuri."

"Haidhuru, mzee."

"Nimefikiri. Chimo hapiki wali wa mtu mmoja, si ndivyo? Leo amekunyima."

"Ameninyima. Anasema karai ni la watu wawili na kuendelea. Nimekula kimanda."

"Kimanda! Umetoka Cuenca hadi Valencia kula kimanda!" Mzee aliivuta kola yake. "Basi kesho mimi nitakuwa wa pili wako. Meno yangu yapo. Si yote niliyozaliwa nayo, lakini yapo. Mimi nami, kusema kweli, mara ya mwisho kuula wali ule nilikuwa na mtu."

Visi alimtazama. Aliuona ule mgawanyiko wa nywele zake, umenyooka kwa bidii. Kesho jioni treni ya Visi inaondoka. Jambo rahisi lilikuwa kusema ndiyo. Wangekula, wangezungumza habari za mabasi, asingetazama mlango kila unapofunguka. Lakini akisema ndiyo, kiti kimepata mtu. Na akishakitoa kile kiti, atakuwa amefanya lile lile alilolifanya kaburini. Atakuwa ameanza bila Herminia.

"Mzee wangu," alianza, "wewe ni mtu mwema..."

"Mwachie dada yake kiti chake, mzee mzima!" Bi Fuensanta alikuwa nyuma yake tayari, gauni la kijani limefunikwa kwa koti. "Na wewe, mwanangu, vaa viatu. Nimelala kitandani kwako bure, sasa nakununulia kitu cha moto kwa Chimo. Usinibishie. Mimi nikidaiwa usingizi nalipa."

* * *

Kwa Chimo palikuwa na wateja wachache, wale wa kahawa ya alasiri, wameegemea kaunta. Chimo mwenyewe, kitambaa begani, alikuwa katikati ya hadithi. Ni mtu ambaye hawezi kufuta glasi bila kusimulia.

"Ah, huyo Bi Kimanda!" alimpokea Visi. "Karibu, mama. Leo ilikuwa siku ya wanawake wenye njaa ya ajabu. Mmoja anataka wali wa peke yake, mwingine anataka wali saa sita!"

"Saa sita?" mteja mmoja alicheka. "Saa sita ya mchana?"

"Saa sita kamili, ndugu yangu! Sijapanga hata viti. Moto sijauwasha, sungura sijamkata. Mjerumani mmoja huyu, ana sanduku la magurudumu na viatu vya kupandia milima. Anakaa mezani. Anataka chakula cha mchana! Nikamwambia, 'Bibi, saa hii hata watoto wachanga hawajala.' Ananiambia kuna mtu wamepatana. Nikamwambia, 'Hapa hakuna anayekungoja, bibi, labda paka.'"

Watu wakaangua kicheko. Bi Fuensanta naye akacheka. Visi alikunywa maziwa yake ya moto, hakuwa anasikiliza sana. Dada yake si Mjerumani. Dada yake ana nywele nyeusi ndefu hadi kiunoni, na hivyo ndivyo alivyomwelezea Chimo mchana.

"Halafu akakaa!" Chimo aliendelea. "Saa nzima amekaa, na kahawa moja. Nikamwonea huruma nikampa mkate. Nywele fupi nyeupe pee kama pamba, macho kwenye mlango. Wajerumani wana mambo! Kipande cha mkate kikamdondoka, akakiokota, akakibusu, akakirudisha mezani. Basi mimi..."

"Akafanya nini?"

Aliyeuliza alikuwa Visi. Kikombe kilikuwa kimesimama njiani, hakijafika mdomoni.

"Akakibusu. Hivi." Chimo alionyesha kwa vidole mdomoni. "Mwa."

Huku, mkate ukianguka, aliyelelewa huuokota na kuubusu kabla ya kuurudisha, kwa sababu mkate ni wa Mungu. Mama yao kina Visi aliwafundisha hilo kwa busu, na busu likikataa, kwa kofi. Mtalii hajui. Mtalii huuacha pale pale sakafuni au huutupia njiwa.

"Chimo," alisema Bi Fuensanta polepole, "Mjerumani gani anayebusu mkate?"

Chimo alifungua mdomo. Hakikutoka kitu, na hilo kwa Chimo halijawahi kutokea.

"Alizungumza vipi?" Visi aliuliza. "Lugha yake!"

"Yetu. Vizuri tu. Lakini kwa... kwa kukata kata, kama mtu anayehesabu. Nikasema amejifunza shuleni."

"Nywele zake ni nyeusi," Visi alisema. "Dada yangu nywele zake ni nyeusi."

"Miaka sita, mwanangu," alisema Bi Fuensanta. Akamwekea mkono mgongoni.

Hapo ndipo Visi alipoona kosa lote, kama mtu aliyewashiwa taa usoni. Alisema tu chakula cha mchana. Hakutaja saa, kwa sababu nani huku anataja saa ya chakula cha mchana? Kila mtu anaijua: ni saa nane, saa tisa, moto ukishakubali. Lakini Herminia ameishi Uswisi ujana wake wote na sehemu ya uzee. Huko kengele ya saa sita ikilia kila mtu ana kijiko mkononi. Alikuja kwa saa ya tumbo lake. Akakaa, akatazama mlango. Na mhudumu akamwambia maneno yale yale ambayo amekuwa akiyaamini kwa miaka sita.

Hapa hakuna anayekungoja.

"Mimi ni mbwa," alisema Chimo.

"Baadaye utakuwa mbwa," Bi Fuensanta alimkata. "Alikwenda wapi?"

"Aliniuliza gesti ya bei nafuu karibu na stesheni. Nikamwelekeza kwa mkono tu, huko, huko."

"Lete simu yako. Yangu iko juu."

Lazima ujue, msomaji wangu, wenye gesti za mji huu hawana siri baina yao. Mmoja akijaza, humsukumia mwenzake mgeni. Mgeni akikimbia bila kulipa, kabla hajafika kona wameshaelezana rangi ya soksi zake. Bi Fuensanta hakuhitaji kupiga mara nyingi. Alimpigia Bi Obdulia, mwenye gesti jirani na stesheni, akafungua spika.

"Obdulia, shoga, una mwanamke wa nywele fupi nyeupe? Ana sanduku la magurudumu?"

"Yule wa viatu vya milima?" Sauti ya Bi Obdulia ilikwaruza. "Usiniambie ni mtu wako! Ameshuka sasa hivi ananiuliza chakula cha usiku. Cha usiku! Na jua liko pale juu linanitazama. Nimemwambia jiko bado linaota ndoto."

Visi aliinuka. Kiti kikaanguka nyuma yake.

"Yupo?"

"Nani huyo anayepiga kelele? Yupo, yupo hapa mbele yangu. Anarudisha ufunguo. Alilipia usiku mzima, sasa hataki tena kulala. Anasema anakwenda uwanja wa ndege, atakaa hukohuko mpaka kesho."

"Mwambie asiondoke! Mwambie ni Visi!"

Ikasikika simu ikifunikwa kwa kiganja. Manung'uniko. Bi Fuensanta alishika mkono wa Visi, na Mzee Leoncio, ambaye hakuna aliyemwona akiingia, alivua kofia kama yuko kanisani.

"Anasema," Bi Obdulia alirudi, na safari hii hakuwa na mzaha, "anasema yeye alifika. Alikaa. Akaambiwa hakuna mtu. Anasema huyo Visi asisumbuke, ni tabia yake."

"Ni mimi mjinga!" Chimo aliipigia simu kelele kutoka upande wa pili wa kaunta. "Mwambie ni mhudumu! Nilimdhani Mjerumani! Dada yake amekaa hapa toka saa nane mpaka nikamfagia!"

Manung'uniko tena. Marefu zaidi.

"Anauliza," alisema Bi Obdulia, "alikaa muda gani."

Visi aliinama kwenye simu ajibu. Chimo akamjibia.

"Mpaka wali wote ukaisha kwa watu wengine, mama! Nilimnyima wa mtu mmoja. Akakataa kuungana na meza nyingine, anasema anamngoja dada yake. Amekula kimanda, macho mlangoni!" Akapangusa uso kwa kile kitambaa cha begani. "Na mwambie hivi. Baba yangu na babu yangu hawakuwahi kuwasha moto wa wali kabla ya saa saba. Wakisikia watageuka kaburini. Kesho, akitaka, nitamwekea karai mezani saa sita. Saa sita! Mji mzima unicheke."

"Obdulia," alisema Bi Fuensanta, "weka simu juu ya meza, fungua spika, halafu wewe nyamaza."

"Nyumba yangu, simu yangu, na mimi ndiye wa kunyamaza," alinung'unika Bi Obdulia. Lakini simu ikasikika ikigusa ubao.

Visi aliichukua ile ya Chimo kwa mikono miwili. Katika ile miaka sita alikuwa amejiandalia maneno mengi sana. Alikuwa ameyasema mbele ya masufuria ya shule, mbele ya kioo, jana usiku aliyaambia kitanda cha pili. Sasa hakukumbuka hata moja.

"Dada," alisema. "Hermi. Ni mimi."

Akaisogeza simu karibu na mdomo.

"Kwa mama sikukungoja. Waliniambia haiwezekani, nikakubali haraka. Nilipaswa kugomba. Sikugomba." Aliegemea kaunta. "Leo nimekungoja, lakini nimekungoja kwa saa yangu. Sikujua yako. Kesho tule. Ukitaka saa sita, nitakuwa mezani saa sita. Ukitaka asubuhi, asubuhi. Ukoko wote utakuwa wako, sitagusa hata punje. Na usiku huu kitanda kipo, nimeshakinyoosha upya. Niambie tu saa, dada. Saa yoyote. Niambie."

Kaunta nzima iliinamia ile simu. Chimo alizima mashine ya kahawa ili isikorome.

Upande wa pili magurudumu ya sanduku yalianza kusaga vigae. Yakaenda kidogo. Yakasimama.

Tukutane wiki ijayo, msomaji wangu.